Rangi Mbili Ndani ya Uji

Jumatatu, Machi 3

Amechaguliwa! Mwanangu amechaguliwa, ataendesha kreni! Si kuiosha, si kuipaka rangi. Kuiendesha. Atakaa kule juu kwenye kibanda cha kioo, anyanyue zege na vyuma kwa vidole hivihivi nilivyovizaa mimi. Walioomba ni arobaini na mmoja, waliochukuliwa wanne, mwanamke mmoja tu, na mwanamke huyo ametoka tumboni mwangu!

Sasa ndiyo nisalimie. Hujambo daftari. Kazi yako ilikuwa kuandikiwa vipimo vya wateja, na kurasa zako za mbele zimejaa viuno na mabega ya watu, lakini leo nakupandisha cheo. Jambo kubwa kama hili haliwezi kukaa kichwani peke yake.

Aliponiambia nilikuwa barazani nashona suruali ya sare. Mguu ukakanyaga pedali wenyewe, nikashona mdomo wa suruali ukafungika kabisa kama gunia. Sikujali. Nikatoka na futi ya kupimia shingoni, nikaanza nyumba ya kwanza mpaka ya mwisho. Fundi viatu, ambaye tunagawana baraza, akasema, "Mama Chuma, sasa ukitaka kumtuma chumvi utamwitaje huko mawinguni?"

"Nitampigia tarumbeta," nikamjibu. "Na wewe ndiye utakayeishika."

Hilo jina la Chuma nilimpa mwenyewe akiwa na miaka mitatu. Watoto wa wenzangu walikuwa wakilazwa kwa mafua na matumbo, wangu hata siku moja. Siri yangu ni kopo. Lipo juu ya kabati, lilikuwa la biskuti, na ndani yake kuna kila kidonge kilichowahi kubaki katika nyumba hii na nyumba za majirani. Vya thamani ni vile vya rangi mbili, nyekundu huku na njano huku. Mtoto akipiga chafya, kimoja. Akishika tumbo, kimoja. Sikuwahi kuungoja ugonjwa uvue viatu ukae. Mtaa mzima unaniita Daktari, na mimi niliishia shule ya msingi.

Jumatano, Machi 5

Mvua ya kwanza. Cherehani imeingia ndani.

Jumatatu, Machi 10

Mafunzo yameanza. Jengo lenyewe liko mwisho wa mtaa wetu, kwa hiyo nikikaa kwenye cherehani naiona kreni yote, kutoka mguuni mpaka kichwani. Nimemwona akipanda ngazi. Alikuwa mdogo kama kifungo, kisha kama kichwa cha pini, kisha akaingia kibandani. Nimechomwa na sindano mara mbili leo.

Mtihani ni katikati ya Mei. Saa mbili nzima juu bila kushuka, ukinyanyua na kushusha kwa maneno ya redio. Choo kiko chini. Kupanda tu ni dakika kumi na tano.

Wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, anayekaa chumba cha nyuma, alisimama mlangoni akakunja mikono. "Saa mbili," akasema. "Na lile tumbo lake?"

"Tumbo gani?"

"Haya," akasema, akaenda zake.

Huyu mwanamke hajawahi kufurahia kitu changu tangu siku ya harusi yangu.

Ijumaa, Machi 14

Nimeduwaa. Chuma ameshuka kabla ya wakati, nimemwona kwa macho yangu, anashuka upesiupesi, mkono mmoja kwenye ngazi na mmoja kwenye tumbo. Kafika nyumbani uso umekuwa wa majivu. Tumbo limemjaa hewa, ukiligonga linalia. Anasema linamkata chini ya kitovu, akienda chooni linatulia kidogo, halafu linaanza tena.

Hili tumbo lilianza mwaka jana, alipokuwa bado anafunga nondo. Walikula chakula kibovu pale kiwanjani, wote wakaharisha. Wenzake wakapona. Yeye nilimpa vya rangi mbili nikajua yamekwisha.

Nimempa kimoja.

Jumamosi, Machi 15

Katulia. Unaona?

Alhamisi, Machi 20

Tumbo. Kimoja asubuhi, kimoja jioni. Mvua siku nzima.

Jumatatu, Machi 24

Amenikatalia. Mimi! Nimemletea kidonge na glasi ya maji, akairudisha glasi mezani.

"Mama, nimechoka na vidonge. Nikivimeza nakuwa vibaya zaidi."

"Nani kakwambia?"

"Tumbo langu limeniambia."

"Tumbo lako lilinipiga mateke miezi tisa, mimi nalo tunafahamiana zamani."

Alicheka, lakini hakumeza. Ameniapisha nisimpe tena. Nikasema haya. Nilisema haya kwa mdomo.

Jumanne, Machi 25

Nimepata akili, na nikisema nina akili sijisifu, nataja tu. Kila asubuhi namfungia uji kwenye chupa, uji mzito wa maziwa na sukari, anakunywa kabla ya kupanda. Leo nimekifungua kidonge katikati, nikamwaga unga wake ndani, nikaongeza sukari vijiko viwili kuua uchungu. Maganda nimeyatupa. Chupa imerudi tupu.

Siku atakapopita mtihani nitamwambia, tutacheka wote.

Jumatano, Machi 26

Uji, kimoja. Kamaliza.

Alhamisi, Machi 27

Uji, kimoja.

Ijumaa, Machi 28

Uji, viwili, maana ameshuka tena kabla ya wakati.

Jumatano, Aprili 2

Wifi ananitafuta ubaya. Nimemkuta uani anapepeta mchele, ananiambia bila hata kuinua kichwa, "Mtoto anakonda. Suruali anaifunga kwa kamba."

"Kazi ya juu inakula mwili. Wewe umewahi kupanda hata kiti?"

"Sijawahi. Lakini najua mtu asiyekula."

Kula! Nyumba hii! Nimemwambia mwanangu anatoka hapa asubuhi na uji mzito kuliko zege analonyanyua. Akaniangalia kama anataka kusema kitu, akarudi kwenye mchele wake. Wivu huo. Yeye hakujaliwa mtoto wa kupanda popote.

Uji, viwili.

Jumatatu, Aprili 7

Nilikuwa napiga pasi kola, nikaona kofia nyeupe inakuja barazani. Ni msimamizi wa kreni, mtaani wanamwita Kofia Nyeupe kwa sababu hata dukani anaivaa. Nikadhani kaja kumsifia mwanangu. Nikamwekea kiti, nikapangusa kiti chenyewe kwa kitambaa cha mteja.

"Mama," akasema, "binti yako ana mkono mzuri kuliko wote wanne. Anaweka mzigo wa tofali wa tani mbili chini kama anaweka yai."

"Hiyo kaichukua kwangu," nikasema.

"Lakini wiki iliyopita ameshuka mara nne. Akishuka, mzigo hauwezi kuning'inia peke yake, kiwanja chote kinasimama. Nimemuuliza ana nini, anasema hana kitu. Mimi si mkatili. Apimwe, niletewe karatasi. Bila hivyo siwezi kumwandikisha mtihani."

Fundi viatu akaacha kugonga.

Siwezi kumwandikisha mtihani! Nimeshamtangaza mpaka sokoni. Wakati Kofia Nyeupe anaondoka nilikuwa bado nimeshika pasi, na kola ya mtu imeungua, alama nyeusi kama jani.

Jumatano, Aprili 9

Hospitali, mimi na yeye. Damu wamechukua, choo wamechukua, wamempitishia kile chombo baridi juu ya tumbo. Daktari ni kabinti kadogo, nilimpita nikimtafuta daktari. Maswali yake ndiyo yalinishtua. Siku ngapi unaharisha, siku ngapi hupati choo, maumivu yanakuja kabla au baada. Na mwanangu anajibu! Anajibu kama mtu aliyekuwa akingoja mwaka mzima kuulizwa. Siku tatu hapati choo, halafu siku mbili anashinda chooni. Mimi nakaa pale na mkoba wangu magotini, nasikia habari za mtoto ninayelala naye nyumba moja, na zote ni ngeni.

Ametuambia turudi wiki ijayo, na tuandike kila kinachoingia mdomoni mwa mgonjwa.

"Hilo niachie mimi," nikasema. "Mwandiko wangu walimu walikuwa wanauonyesha darasa zima."

Alhamisi, Aprili 10

Asubuhi uji wa maziwa, rangi mbili viwili. Mchana anasema alikula kazini. Jioni maharage, vitunguu, mkate. Maumivu jioni.

Ijumaa, Aprili 11

Uji wa maziwa, rangi mbili viwili. Jioni kabichi na wali. Kainuka mezani kabla ya kumaliza.

Jumatatu, Aprili 14

Mvua imebomoa ukingo wa mtaro. Uji, viwili. Jioni hakula.

Jumatano, Aprili 16

Sijui nianzie wapi. Mwandiko huu usionyeshwe darasa lolote.

Majibu yametoka. Hakuna kitu. Kabinti kadaktari kanasema: damu safi, choo hakina minyoo, utumbo haujakatika wala kuoza. Nikapiga makofi, nikasema Mungu mkubwa. Nikamgeukia mwanangu nimkumbatie, namkuta analia. Chuma! Sijamwona akilia tangu tulipomzika baba yake.

"Kwa hiyo watasema najifanya," akasema.

"Hujifanyi," daktari akamwambia. "Maumivu yako ni ya kweli, nimeyaandika hapa." Halafu akaniangalia mimi, akaiona futi shingoni, maana huwa nasahau kuivua. "Mama ni mshonaji?"

"Namba moja mtaani."

"Cherehani yako inaweza kuwa nzima, hakuna chuma kilichovunjika, lakini uzi umekazwa mno, mshono ukajikunja?"

"Kila mara. Na mjinga ataifungua mashine yote akitafuta kilichovunjika."

"Utumbo wake uko hivyo. Umekazwa. Jambo dogo, hewa kidogo, hofu kidogo, unashtuka na kuuma. Ugonjwa wenyewe una jina refu, lakini maana yake ni utumbo unaochokozeka upesi. Mara nyingi huanza baada ya kuharisha kukubwa, kama kule kwa mwaka jana." Akatueleza mengine, nikashika mdomo. Kumbe ndani ya matumbo yetu kuna wadudu wasioonekana, bakteria, maelfu kwa maelfu, na wengi ni watu wazuri tu! Wanasaga chakula, wanalinda. Uwiano wao ukiharibika, wengine wanazidi, wengine wanakwisha, tumbo linajaa hewa na kuwa kali zaidi.

"Umetumia antibayotiki miezi hii?" akamuuliza mwanangu. "Dawa za kuua bakteria, kama vidonge vya rangi mbili?"

"Nyumbani nilikuwa nameza. Niliacha mwezi uliopita."

Nitaandika ukweli. Pale nilifurahi. Nilijua saa yangu imefika. Nikaona daktari hadanganywi, na mtoto amejibu asilolijua, basi nikatabasamu, nikafungua daftari, nikaliweka mbele yake. "Hajui huyu," nikasema. "Lakini mimi sikumwacha hivihivi. Nimeandika kila siku, soma mwenyewe." Nilitegemea anipongeze! Nilitegemea aseme mama, ungesoma ungekuwa mwenzetu.

Alisoma. Akafungua ukurasa wa nyuma. Akafungua mwingine wa nyuma yake.

"Mama, hizi rangi mbili ulikuwa unampaje?"

"Kwenye uji."

Mwanangu aligeuza shingo polepole. "Uji gani?"

Nikaivua futi shingoni. Akauliza tena, "Mama, uji gani?"

"Wako," nikasema.

Daktari hakunifokea, na afadhali angefoka. Alisema hawezi kuapa kwamba vidonge ndiyo chanzo, lakini vinaua wazuri pamoja na wabaya, na kumpa kimoja leo viwili kesho, mwaka baada ya mwaka, inawezekana kabisa vimezidisha. Tena nusu dozi zinawazoesha wale wabaya dawa, siku akiugua kweli isimsaidie. Alisema kiwanja kikifyekwa kila siku, kinachorudi kwanza ni magugu. Na maziwa ya ule uji, hayo nayo yanaweza kumchokoza. Mimi nilikuwa nasikia nusu. Nilikuwa naangalia mkono wa mwanangu. Alikuwa ameushika mdomo wake, kama mtu anayejaribu kurudisha kitu alichokunywa zamani.

Njiani alitembea mbele. Mvua ilitukuta, hakujifunika.

Alhamisi, Aprili 17

Amehamia chumba cha nyuma, kwa shangazi yake.

Ijumaa, Aprili 18

Nimempikia wali mweupe, mtupu, kama karatasi ya daktari inavyotaka. Nimeweka mlangoni kwao. Umerudi vilevile, na kifuniko chake.

Jumapili, Aprili 20

Haongei na mimi. Anasalimia, "Shikamoo mama," anapita. Hiyo shikamoo imenichoma kuliko tusi.

Jumanne, Aprili 22

Wifi kaja mwenyewe barazani, akavuta kigoda. Nikajiandaa kwa matusi, nikasema leo acha anitukane, nimestahili.

Hakutukana. Alianza kuniokotea vipande vya uzi chini. "Wifi," akasema, "tangu mwaka jana mtoto anakula kwangu."

"Anakula nini?"

"Wali mtupu. Kiazi cha kuchemsha. Akirudi kazini anapita mlango wa nyuma, anakula kidogo, ndiyo anakuja kwako kujilazimisha maharage. Siku za kazi mchana hali kabisa, anaogopa tumbo litaamka akiwa juu."

Nikasimamisha gurudumu kwa mkono. "Kwa nini hukuniambia?"

"Nilianza kukuambia mara ngapi? Na yeye kaniomba nisikuambie. Alisema, 'Shangazi, nikimwambia mama linauma, kesho atanitangaza kwamba sijawahi kuumwa.'"

Nimekaa na maneno hayo mpaka mvua imeninyeshea miguu. Ni kweli. Kila aliposema linauma, mimi nilitoka nje nikasema Chuma. Nikamfungia mlango wa kuugua, nikauita huo mlango sifa. Na huyu mwanamke niliyemwita mwenye wivu alikuwa akimpikia mwanangu wali bila kumwambia mtu, kwenye kijisufuria kile chenye mkono mmoja.

"Wifi, nisamehe," nikasema.

"Nikusamehe ya leo au na yale ya harusini?"

"Zote. Jumla."

Akacheka, akanivuta sikio kama msichana.

Jumamosi, Aprili 26

Fundi viatu kavimba shavu, jino. "Daktari, nitupie kimoja cha rangi mbili."

"Sina."

"Kopo zima?"

Nikamwambia. Nilimwambia yote, barazani, mchana kweupe, na mteja wa sketi akiwa amesimama anasikiliza: kwamba nilimwekea mwanangu dawa kwenye uji kwa siri, kwamba tumbo lake linauma kila siku na mimi nimelizidisha, kwamba jina la Daktari nalivua leo. Ulimi ulikuwa mzito kama viatu vyake. Mteja wa sketi akasema, taratibu, kwamba hata yeye anampa mwanawe hivyohivyo.

Fundi alilishika shavu lake. "Basi umestaafu," akasema.

"Nimefukuzwa."

Nikalichukua kopo, nikampeleka fundi kwa mtu wa meno na kopo kwa mfamasia. Mfamasia alivimwaga mezani akabaki mdomo wazi. Vingine vimekwisha muda kabla Chuma hajaota meno ya ukubwani. Alivichukua vyote. Kopo kanirudishia, sasa naweka vifungo.

Jumanne, Aprili 29

Radi. Kreni imesimama, mkono wake umeachwa uzunguke na upepo.

Jumamosi, Mei 3

Kofia Nyeupe kaleta koti lake lishonwe mfuko. Mimi kichwa chini, nampima, nangoja aseme mwanangu amefutwa. Badala yake anasema, "Binti yako ana roho."

"Kafanya nini?"

"Jana katikati ya zoezi ameongea kwenye redio. Na ile redio inasikiwa na kiwanja kizima, mafundi, madereva, wapishi. Akasema: nina utumbo unaochokozeka, nina karatasi ya daktari, leo nahitaji kushuka, naweka mzigo chini kwanza. Akauweka chini vizuri, akafunga breki, akashuka, akarudi. Hakuna aliyecheka. Ndiyo, mmoja alicheka, lakini dereva wa lori alimwuliza yeye hana tumbo?"

Nilikaa kwenye kitambaa cha mtu. Mwanangu, mbele ya wanaume wote wale, kwenye redio! Mimi ningekufa. Mimi nilimfundisha kuficha, na yeye kaenda kutangaza kutoka mahali pa juu kuliko wote mtaani.

"Na mtihani?"

"Nimeongea na wakubwa. Tutaugawa, saa moja, dakika arobaini za kupumzika, saa nyingine. Ilipaswa iwe hivyo kwa wote tangu mwanzo. Dereva aliyebanwa si dereva salama, hata kama utumbo wake ni wa ng'ombe."

Mfuko wake nimeushona mara mbili mbili, hautang'oka mpaka koti lenyewe life.

Alhamisi, Mei 8

Amekuja. Alisimama mbele ya cherehani, ameshika suruali yake ya kazi mkononi.

"Shikamoo mama. Hii inanibana tumbo likijaa. Na likitulia inadondoka."

Hiyo tu. Nikasema sawa, nikamwambia asogee nimpime. Nilizungusha futi kiunoni kwake. Hiki kiuno nilikipima cha sare ya shule, kila mwaka. Sasa kimerudi kuwa cha msichana wa miaka kumi na tano. Nimeandika namba kwenye kurasa zako za mbele, daftari, kati ya viuno vya wateja.

"Nitaweka mpira nyuma na vifungo viwili pembeni," nikasema. "Likijaa unafungua cha kwanza. Hakuna atakayeona."

"Wakiona si kitu."

Nikashona akiwa amekaa pale kwenye kigoda. Nilipofika kwenye pindo nikasema bila kumwangalia, maana nikimwangalia nisingemaliza, "Mwanangu, uliniapisha nikaapa, halafu nikakuwekea. Sina la kujitetea. Nilitaka upone mbele ya watu."

"Mbele ya watu," akarudia.

"Ndiyo."

"Mama, unajua nilichokuwa nakiogopa kule juu? Si urefu. Nilikuwa nakuona wewe hapa chini, umeinua uso. Naanza kuumwa, nasema mama anaangalia. Ndiyo linauma zaidi."

Nikamaliza pindo. Uzi nimeukata kwa meno, macho hayakuwa yanaona mkasi. Alivaa suruali palepale chini ya sketi, akafungua kifungo, akafunga. "Nzuri," akasema. Akaenda kwa shangazi yake.

Nimegeuza cherehani. Sasa nakaa nimeipa kreni mgongo.

Jumatatu, Mei 12

Upepo. Mtihani wa kesho umeahirishwa. Anaumwa leo, wifi kaniambia, amelala na chupa ya maji moto tumboni. Sikupeleka kitu. Nimekaa juu ya mikono yangu, kweli kabisa, nimeikalia.

Alhamisi, Mei 15

Siku njema kwake, kapata choo. Najua haya si ya kuandikwa, lakini katika nyumba hii sasa ni habari ya kushangilia.

Jumamosi, Mei 17

Fundi viatu kaniuliza mbona nimegeuka. Nikamwambia shingo. Akasema, "Basi mimi nitakuangalizia. Sasa hivi anashusha mbao. Ameshusha. Hakuna kilichovunjika." Anafanya hivyo siku nzima, kama mtangazaji wa mpira.

Jumatano, Mei 21

Asubuhi nilikuwa nawasha jiko, nikasikia mtu nyuma yangu. Chuma, kavaa suruali yangu, kofia ya kazi kwapani. Alikaa kwenye kiti chake, kile cha kwake, ambacho hakijakaliwa tangu Aprili.

"Siku ya mtihani wameitaja, Jumamosi," akasema. "Na leo linauma kidogo. Huenda na siku hiyo likauma, daktari kasema halitapona kwa siku moja. Nitapanda hivyohivyo. Nikishindwa nitashuka niseme nimeshindwa."

"Sawa."

"Siyo sawa tu, mama. Nikishuka, usiende nyumba kwa nyumba kueleza kwa nini."

"Sitaeleza. Nitasema tumbo lilimuuma akashuka."

Akaniangalia sana, kama anayesoma kipimo ambacho hakiamini. Halafu akasema kitu ambacho mpaka saa hii, cherehani imesimama na wateja wanagonga, sijakimaliza kukishangaa.

"Nataka uji."

Nilidhani sikusikia. "Uji?"

"Wa mchele. Bila maziwa."

Nilitaka kumwita wifi aje apike yeye. Nilitaka kumwambia asimame hapo aone kila kijiko. Nikachukua unga, nikamwonyesha. Nikachukua maji, nikamwonyesha. Kopo la biskuti nikalifungua aone vifungo. "Mama," akasema, "pika tu." Akageuza kiti chake, akanipa mgongo, akaanza kufunga viatu.

Amenipa mgongo, mimi na sufuria!

Nilikoroga nikilia, uji ukapata chumvi ambayo haikuwa kwenye karatasi ya daktari. Alikunywa kikombe kizima. Kingine nikamtilia kwenye chupa ileile. Mlangoni akageuka, akasema niirudishe cherehani ilivyokuwa, na siku hiyo niwaambie waje wote, pamoja na huyo mtangazaji wangu.

Basi nimeshapita, nyumba ya kwanza mpaka ya mwisho, na sikumtaja Chuma hata mara moja, nimesema mwanangu. Wifi atakuwepo na kijisufuria chake. Fundi viatu atafunga kibanda. Mteja wa sketi anakuja na mwanawe. Mimi nitaleta uji. Jumamosi tarehe ishirini na nne, saa tatu asubuhi, kwenye uzio wa mabati.